Tulipokwenda Taveta: Tulale Mtaa Gani?

Mwalimu wetu wa Kiswahili alituagiza kila mtu aandike habari ya safari aliyoifanya wakati wa likizo. Wenzangu wengi wameandika habari za Dar es Salaam na za mbuga ya Mkomazi, ambayo tunaiona kila siku tukiwa hapa Same. Mimi nitawasimulieni safari fupi, ambayo haikufika hata nusu ya siku: kutoka Same mpaka Taveta, mji wa Kenya ulio mpakani, ng'ambo ya Holili. Njia yenyewe haikunitaabisha. Lililonitaabisha ni swali moja dogo, nalo ni hili: tukifika, tulale mtaa gani?

Mambo yalianza hivi. Bibi yangu, mzaa baba, anakaa Mbaga milimani. Ana mdogo wake mmoja tu aliye hai, ambaye sisi wajukuu humwita Bibi Mdogo. Wote wawili walizaliwa Usangi, katika milima ya Upare wa Kaskazini. Bibi aliolewa huku kwetu Kusini, na Bibi Mdogo aliolewa Taveta mwaka 1972. Tangu nilipopata akili sikuwahi kumwona Bibi Mdogo akija kwetu, wala Bibi akienda kwake. Walionana mara mbili tu, misibani, wakapeana mikono kama majirani, kila mmoja akarudi kwake. Tulipouliza sababu, Bibi alijibu, "Taveta ni mbali." Sisi watoto tuliamini.

Mwezi wa Juni Bibi alishuka Same kwa gari, akiwa na mzigo mdogo uliofungwa kwa kanga. Akamwambia baba, "Magoti yangu yanazidi kukataa. Nataka kumwona mdogo wangu mara moja. Lakini nyumbani kwake sitalala. Nitafutieni pa kulala kama mgeni mwingine yeyote."

Baba alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, mama." Kwa kuwa yeye alikuwa kazini, ikakatwa shauri kwamba baba mdogo, anayefanya biashara ya tangawizi ya Mamba Miamba, atampeleka Bibi, nami nifuatane nao ili nimshike mkono. Baba mdogo akanigeukia akicheka, "Wewe ndiwe msomi wa Jiografia. Tafuta mtaa wa kulala, nami nitalipa."

Lo! Furaha niliyokuwa nayo haina kifani. Sikuwahi kupewa shauri la watu wazima hata siku moja. Nilitwaa daftari, nikapiga mistari kama vile tunavyofundishwa darasani, nikaanza kuwauliza madereva, makondakta na wafanya biashara wanaopanda magari hapa stendi ya Same. Kuuliza si ujinga, na watu wanaovuka mpaka kila juma wanajua mengi kuliko kitabu.

Waliniambia kwamba mgeni aendaye Taveta ana njia tatu. Ya kwanza ni kulala Holili, upande wetu wa mpaka. Faida yake ni kwamba fedha ni zile zile za nyumbani, na mtu akipatwa na jambo yuko katika nchi yake. Hasara yake ni kwamba mji wa Taveta uko kilomita chache mbele, kwa hiyo utapanda pikipiki asubuhi na kurudi jioni, na kila mara utapita kituoni ukagongewe muhuri. Njia ya pili ni kulala katikati ya mji, karibu na stendi na soko. Hapo vyumba ni vingi, chakula kiko mlangoni, na kwa mwenye bidhaa ni pazuri sana, maana soko kubwa la Taveta huwa Jumatano na Jumamosi, na watu wa nchi zote mbili hukusanyika. Njia ya tatu ni upande wa stesheni ya zamani ya reli. Dereva mmoja alisema huko ni kimya zaidi, lakini usiku taa ni chache na vyumba havipatikani kwa urahisi.

Nikaandika yote hayo katika daftari. Nikafanya safu nne: bei, usalama, maji, na ukaribu wa soko. Kila safu nikaipa alama kumi. Holili ikapata 24, stesheni ikapata 27, na sokoni ikapata 31. Nikamwonyesha baba mdogo, akafurahi mno, maana yeye tangu mwanzo moyo wake ulikuwa sokoni. Bibi nilimsomea, akasikiliza mpaka mwisho, akasema tu, "Sawa, mjukuu wangu. Wewe umesoma."

Nataka msomaji akumbuke maneno hayo ya Bibi, maana nitayarudia.

Jumanne asubuhi tuliondoka Same. Hati zetu za safari tulikuwa tumekwisha kuzichukua ofisi ya Uhamiaji, nami nilikuwa na barua ya baba. Upepo wa Same, ambao kila mwanafunzi wa hapa anaujua, ulikuwa ukivuma na kutupa vumbi stendi. Tulipita Lembeni na Mwanga, milima ya Upare wa Kaskazini ikiwa kulia kwetu, na kushoto, mbali, maji ya bwawa la Nyumba ya Mungu yakimeta. Bibi alikaa dirishani upande wa kulia. Kutoka Mwanga mpaka Kifaru hakuondoa macho katika milima ile. Nilidhani anaangalia mashamba.

Nami nilijisikia mwalimu. Nilimweleza baba mdogo, kwa sauti ya kutosha ili na abiria wengine wasikie, kwamba mpaka huu ulitungwa mwaka 1886, Waingereza na Wajerumani walipokubaliana mstari utoke mlango wa mto Umba kule pwani, uende moja kwa moja mpaka Ziwa Jipe, kisha upite kati ya nchi ya Taveta na nchi ya Wachaga, na kuuzunguka mlima Kilimanjaro kwa upande wa kaskazini. Hivyo Taveta ikawa ya Waingereza na Kilimanjaro ukawa wa Wajerumani, na wenyeji wenyewe hawakuulizwa. Nikaeleza kwamba Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na Machi 1916 Waingereza wakaitwaa tena. Nikaeleza kwamba reli kutoka Voi ilijengwa kwa ajili ya vita ile, ikaja kuungana na reli yetu ya Tanga pale Kahe. Abiria mmoja akasema, "Kijana huyu atafaulu." Nikazidi kuvimba.

Pale Himo, njia panda, tuliteremka tukapanda gari dogo la kwenda Holili. Tangu 2016 mpaka huu una kituo cha pamoja: anayetoka kwetu kwenda Kenya hupita moja kwa moja mpaka jengo la upande wa Taveta, na humo hukuta maofisa wa nchi zote mbili. Wa kwetu humgongea kutoka, wa Kenya humgongea kuingia, na kazi imekwisha. Hatukukawia. Lakini tulipokuwa tukitembea kutoka upande mmoja hadi wa pili, Bibi alisimama katikati ya njia, akaegemea mkongojo wake, akatazama huku na huku.

Akauliza, "Ndipo hapa palipofungwa?"

Baba mdogo akajibu, "Ndipo hapa, mama."

"Miaka yote ile nilidhani kuna ukuta," akasema. Kisha akaendelea kutembea.

Sikuelewa. Nilikumbuka kwa haraka yale tuliyosoma: Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kwanza ilianzishwa 1967, ikavunjika 1977, mwaka huo huo, mwezi wa Februari, nchi yetu ikaufunga mpaka wake na Kenya, nao ukafunguliwa tena mwezi wa Novemba 1983. Niliyajua hayo kama nijuavyo majina ya mito. Sikujua kwamba ndani ya miaka ile mna habari ya nyumba yetu.

Tukafika mjini Taveta. Ni mji wa joto kuliko Same, lakini una majani mabichi mengi, maana chemchemi na mifereji huleta maji mashambani, na ndizi zimejaa kila mahali. Watu wanasema Kiswahili kama chetu, wengine tuliwasikia wakisema Kipare sokoni, hata nikasahau kwamba niko nchi nyingine, mpaka baba mdogo alipolipia chai kwa shilingi za Kenya. Tulipata vyumba viwili katika nyumba moja ya wageni karibu na soko. Chumba cha Bibi kilikuwa juu, maana vya chini vilikuwa vimejaa wafanya biashara wa kesho yake. Nilimsaidia kupanda ngazi. Tulihesabu kumi na saba, na kila moja alivuta pumzi. Hapo ndipo nilipokumbuka kwamba katika daftari langu sikuwa na safu ya ngazi.

Baba mdogo alimpigia simu mjukuu wa Bibi Mdogo, akamwambia tumefika salama na kwamba kesho baada ya chai tutakwenda kuamkia. Kijana yule aliuliza, "Mmelala wapi?" Baba mdogo akamtajia. Upande wa pili pakawa kimya kidogo, kisha akasema, "Haya, nitamwambia bibi."

Usiku ule sitausahau. Mpaka saa sita muziki ulipigwa jirani. Uliponyamaza, tulidhani tumepata nafuu. Saa nane malori yakaanza kuingia, moja baada ya jingine, wapakuzi wakiitana, magunia yakianguka chini kwa kishindo, na wanawake wakiwahi sehemu zao za kuuzia. Kwa mfanya biashara sauti hizo ni nzuri kama ngoma. Baba mdogo saa tisa alikuwa amekwisha kushuka kukagua tangawizi yake. Lakini mimi nilipoamka na kwenda kumtazama Bibi, nilimkuta ameketi kitandani, amevaa nguo zake zote, na ule mzigo wa kanga ameupakata.

"Hukulala, Bibi?"

"Nililala kidogo," akajibu. Lakini kitanda kilikuwa hakijafunuliwa.

Kabla ya saa kumi na mbili na nusu mlango uligongwa. Nilipofungua nikamwona mama mzee amesimama, mwembamba, kikapu mkononi, anahema kwa sababu ya zile ngazi kumi na saba. Sikuhitaji kuambiwa ni nani, maana uso ulikuwa ni ule ule wa Bibi, isipokuwa umepungua miaka michache. Nikainama nikasema, "Shikamoo, Bibi." Akaitika, "Marahaba, mwanangu," lakini macho yake yalikuwa ndani ya chumba.

Akasema, "Dada, umelala sokoni kama gunia la vitunguu."

Msomaji mwenzangu, sijapata kupigwa fimbo shuleni iliyoniuma kama maneno yale, na wala hakuniambia mimi. Bibi hakujibu. Bibi Mdogo aliingia, akaketi chini sakafuni, ingawa kiti kilikuwapo, akafungua kikapu. Mlikuwa na makande ya moto katika chombo, na ndizi mbivu, na chupa ya chai. Akasema tena, "Jana usiku majirani wangu waliniuliza mgeni wangu yuko wapi. Kwa siku tatu nilikuwa nimekwisha kuwatangazia kwamba dada yangu anakuja. Nimetandika kitanda. Nikawajibu kwamba gari limechelewa. Sasa nifanyeje? Niendelee kusema uongo?"

Bibi alitazama makande yale. Akasema pole pole, "Uliweka vitunguu?"

"Niliweka. Kama vya mama."

Wakala pamoja, kutoka chombo kimoja, nami nikatoka nje nikasimama kwenye ngazi, maana niliona si mahali pangu.

Saa nne tulihamisha mizigo. Mtaa wa Bibi Mdogo uko nje kidogo ya mji, upande wa mashamba yanayonyweshwa kwa mifereji. Ni nyumba ya kawaida ya bati, ina mwembe mbele, na mfereji mdogo hupita nyuma yake. Mtaa huo haukuwamo katika daftari langu hata kidogo. Hauna nyumba ya wageni, soko liko mbali, na mbu jioni ni wengi sana. Mwalimu wetu wa Sayansi alikwisha kutufundisha kwamba kati ya mwaka 1955 na 1959 nyumba za Upare na za Taveta zilipuliziwa dawa ya dieldrin kwa mpango mmoja, kusudi malaria ipunguzwe, maana mbu hajui mpaka. Usiku ule niliwakumbuka mbu wale kwa heshima, nikajifunika chandarua vizuri. Kwa alama zangu, mtaa ule haungepata hata 20.

Lakini majirani walikuja. Mmoja alileta sukari, mwingine alileta maziwa, wa tatu alileta kiti chenye mgongo ili Bibi aketi vizuri. Kila mmoja alisema, "Kumbe ndiye huyu dada!" Na Bibi Mdogo alijibu kila mara, kwa sauti kubwa, "Ndiye huyu. Gari lilichelewa." Bibi aliitikia kwa kichwa. Nikaona kwamba amekubali kuubeba uongo ule mdogo pamoja na mdogo wake.

Baada ya chakula cha usiku, taa ikiwa imewashwa barazani, Bibi alivuta ule mzigo wake, akaufungua. Ndani mlikuwa na kata ya kibuyu, ya kuchotea maji, ya zamani sana, imekuwa nyeusi kwa kushikwa, na pembeni imeshonwa mahali ilipopasuka.

Akasema, "Hii ni fungu lako la vitu vya mama. Tuligawana mwaka 1979, baada ya maziko. Nilikuja kukupa na kurudi zangu. Sikutaka deni."

Bibi Mdogo aliipokea kwa mikono miwili. Akakaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Dada, niambie leo. Kwa nini hamkunipa habari?"

Bibi akashtuka. "Hatukukupa? Tulimtuma mtu, apite njia za ziwani. Alirudi akatuambia amekufikishia, nawe umesema huwezi kuja. Tulikungoja siku mbili na mama hajazikwa."

"Hakufika mtu yeyote," akasema Bibi Mdogo. "Mimi niliipata habari kwa barua, mwezi mzima baada ya maziko. Mpaka ulikuwa umefungwa, nina mtoto mchanga, na mume wangu yuko safarini. Nilimbeba mtoto mgongoni nikaenda mpaka Ziwa Jipe. Ukisimama ukingoni upande huu, milima ya kwetu unaiona yote, ng'ambo ya maji. Nilikaa pale tangu asubuhi mpaka jua likazama nyuma ya milima. Huo ndio msiba nilioukalia. Peke yangu."

Nilitazama chini. Baba mdogo, ambaye si mtu wa kunyamaza, alinyamaza. Katika gari nilikuwa nimetaja Ziwa Jipe kama mahali ambapo mstari wa mwaka 1886 unapita, na watu wakanisifu. Na karibu yangu, dirishani, alikuwa ameketi mtu ambaye kwa zaidi ya miaka 40 aliamini kwamba mdogo wake alikataa kumzika mama yao. Yule mjumbe alikwisha kufariki zamani. Labda aliogopa askari wa mpakani, akarudi nyuma, akaona haya kusema. Hakuna awezaye kumwuliza tena.

Bibi hakusema maneno mengi. Aliinuka kwa shida, akaichukua ile kata, akaenda kwenye mtungi, akachota maji, akampa mdogo wake anywe. Kisha na yeye akanywa. Tukaenda kulala. Usiku ule kutoka chumbani kwao nilisikia sauti mbili zikizungumza Kipare mpaka jogoo wa kwanza, na mara mbili nilisikia kicheko.

Tulikuwa tumepanga kurudi Alhamisi. Tulirudi Jumapili.

Sasa nataka kusema neno kwa wanafunzi wenzangu na kwa wazee wetu wanaosoma gazeti hili. Sisemi kwamba mgeni sharti alale kwa jamaa siku zote. Baba mdogo mpaka leo akienda Taveta hulala pale pale sokoni, na hafanyi kosa, maana lori lake huingia saa nane za usiku na mteja hamngoji mtu anayetoka mashambani. Kwa kazi yake, mtaa ule ni bora kuliko yote. Wala si vema kumwangukia jamaa bila taarifa, mkiwa wengi, mikono mitupu, na kukaa mpaka mwenyeji akose unga. Wahenga walisema mgeni siku ya tatu mpe jembe, nao walijua walisemalo. Siku ya tatu mimi mwenyewe nilishika jembe, nikazibua mfereji wa nyuma ya nyumba pamoja na mjukuu wa Bibi Mdogo, na sasa yeye ni rafiki yangu.

Nisemalo ni hili. Nilipochagua mtaa, niliuliza bei, nikauliza usalama, nikauliza maji, nikauliza na soko. Yote ni maswali mazuri, wala mtu asiyaache. Lakini swali la kwanza sikuuliza: tunakwenda kwa nani? Kama ningaliuliza hilo, hata daftari lisingalihitajika. Mtaa unaolala ni salamu inayotangulia kabla hujafungua kinywa. Bibi Mdogo aliipokea salamu yetu usiku ule kwa simu, nayo ilikuwa salamu mbaya, ingawa mimi niliituma kwa alama 31.

Na lipo jambo la pili. Bibi alipotuambia kwamba hatalala kwa mdogo wake, sisi sote tulisema, "Haya." Hakuna aliyeuliza kwa nini. Baba alidhani ni heshima kutouliza, baba mdogo alifurahi kupata sokoni, nami nilikuwa na haraka ya kupiga mistari. Na Bibi aliposema, "Wewe umesoma," nilidhani ananisifu. Sasa nadhani alikuwa akingoja niulize.

Nyumbani nilifungua daftari lile, nikaongeza safu ya tano mbele ya zile nne, nikaandika juu yake, "Nani anatungoja?" Sikuipa alama, maana sijui iwe ngapi.

Bibi amerudi Mbaga. Magoti bado yanamsumbua, lakini kila akinipigia simu huuliza likizo ya Desemba inaanza tarehe ngapi. Safari hii, asema, Bibi Mdogo ndiye atakayekuja, wapande wote wawili mpaka Usangi kulitazama kaburi la mama yao. Baba ameniuliza kama nimeanza kutafuta mtaa wa kulala. Nikamjibu kwamba hapana haja, kitanda cha Bibi ni kipana.